Neema na bwawa la lile jumba

Leo nusura mwenzangu Neema afe maji huku watu wakimpiga picha.

Sisi wanamitindo tulikuwa tumemaliza kazi kwenye jumba moja la kifahari ambalo kila mtu hapa London analijua. Tukaruhusiwa kuogelea kwenye bwawa lake.

Neema akateleza upande wenye kina. Akazama, akaibuka, mikono juu.

Wenzetu wakadhani anapozi, wakashangilia simu mkononi, wakitaka arudie: "Amazing babe! One more!"

Mimi nikamwona macho. Jamani, yale hayakuwa mapozi.

Nikajitosa na gauni la watu, lile la kazi ambalo sikuwa nimelivua, wigi langu likabaki linaelea. Nikamvuta hadi ukingoni, anatapika maji, kaning'ang'ania shingo.

Mpiga picha wa ile kazi, kamera bado mkononi, akauliza kama tunaweza kurudia.

Neema akamjibu kwa Kiswahili: "Ingia wewe."

Sasa tuko kwenye basi kurudi mtaani kwetu, Tottenham. Hajaniachia mkono.

Nyie mngemjibuje yule mpiga picha?