Saruji ya Jino

Juzi, mwanangu alipozibwa jino, chumba kilinukia karafuu, nikakumbuka mchana mmoja wa utoto wangu Tukuyu, mvua ikipiga bati la kliniki. Daktari alikoroga unga na mafuta ya karafuu juu ya kioo, akamwambia mama, "Naweka saruji kidogo chini, jino lisimuume." Sasa najua ilikuwa dawa tu, lakini siku ile nilidhani kinywa changu kitaganda kama sakafu, nisiweze kusema tena. Nikamshika daktari mkono.

"Subiri! Mama, sukari niliiba mimi. Kaka Ambakisye ulimchapa bure."

Mama alinifuta machozi. Jioni, tulipofika nyumbani Kyimo, alimwita kaka jikoni, akamkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe.

"Nisamehe, baba," alimwambia.