Vizibao Kumi na Viwili vya Rangi ya Manjano

Mastura binti Matano, wa Magogoni, hakuwa mtu wa kukurupuka. Hata chumvi ya mchuzi aliipima kwa kijiko kilichopanguswa. Shule ya ufundi alikosomea ushonaji kwa miaka miwili ilimpa cheti kilichoandikwa kwamba yeye ni mwangalifu mno, na kwa muda mrefu aliamini kuwa hiyo ilikuwa sifa.

Uangalifu huo ulipata kazi ya maana mwaka wa sitini na tatu, miezi michache kabla ya Uhuru. Baba yake, Mzee Matano, alikuwa kibarua wa barabara ya Malindi. Siku moja ya Agosti, alipokuwa ameinama akizibua mtaro, lori lilimpitia karibu mno, kioo chake cha pembeni kikamvunja mtulinga. Dereva aliapa kuwa hakuona mtu, aliona vumbi tu. Wala hakusema uongo: kwa fulana ile iliyochakaa, Mzee Matano alikuwa amekwisha kufanana na barabara aliyoitengeneza.

Mfupa ulipounga, mzee akatangaza kwamba anarudi kazini. Mastura alimsihi akae nyumbani, akajibiwa kwamba kukaa bure hakujui. Basi akajifunga buibui, akaenda kwa nyapara, Bwana Erastus, akaomba vibarua wavishwe kitu kitakachoonekana kutoka mbali.

"Vizibao?" alisema Erastus. "Vyema. Ofisi italeta kitambaa utakachotaka. Washonee wote kumi na wawili. Rangi chagua wewe, binti Matano. Mimi rangi zote naziona sawa."

Mwingine angechagua kabla ya adhuhuri. Mastura alinunua daftari.

Dukani Kisauni aliwekewa mbele yake jora la bendera, kile kitambaa chekundu chenye kuwaka. Alikishika, akakivuta, akakinusa, kisha akaandika: "Nyekundu: hapana. Inashtua." Nyeupe aliikataa kwa sababu ya vumbi la matumbawe. Kijani alikikataa kwa sababu ya minazi. Buluu, aliandika, hufanana na kivuli. Ikabaki rangi ya manjano, nayo dukani haikuwapo. Mwanafunzi bora wa shule ya ufundi hakuona taabu. Aliagiza marekani nyeupe, akanunua manjano ya unga, akaamua kuitia rangi mwenyewe.

Kwa majuma sita ua wao ulinuka kama jiko la karamu. Alichemsha vipande kwa ndimu, kwa chumvi, kwa vyote viwili. Aliviloweka katika maji ya bahari. Alimwomba baba yake avae kimoja mchana kutwa ili apate jasho la kweli. Sabuni ilipokigeuza kipande kimoja kuwa chekundu, aliandika kwa hati nzuri: "Sabuni: hubadilika, hurudi kwa ndimu." Akapiga mstari kwa rula, akafunga daftari. Hakujiuliza kitu kingine chochote.

Mama yake Mzee Matano, Bibi Mwanatabu, alikuwa akimtazama kutoka barazani, kijaluba cha chokaa ya tambuu mapajani.

"Mastura!"

"Abee, Bibi."

"Manjano yote haya, waozwa nani?"

"Ni vizibao vya vibarua, Bibi."

"Wanaume kumi na wawili, wote wapakwe manjano siku moja! Nami nilidhani hayo ni ya biharusi."

"Bibi, tafadhali usinichanganyie hesabu."

Bibi alichovya kidole katika chokaa yake, akaipaka kwenye jani la tambuu, akaendelea kutafuna huku akimtazama mjukuu wake msomi.

Vizibao vilipokamilika vilikuwa vizuri kweli: mshono ulionyoka, vifungo vinne vinne, kila kimoja na namba ndani ya ukosi. Cha baba yake, Mastura alikitia rangi mara mbili, maana kama dereva angemwona mtu mmoja tu katika barabara nzima, alitaka awe huyo.

Jumatatu asubuhi vibarua walivivaa. Mmoja wao, Tsuma, alijitazama mbele na nyuma.

"Jamani, leo tumekuwa pilau," alisema. "Tumekosa kachumbari tu."

Mastura alihesabu hatua mia mbili, akageuka, akawaona wote kumi na wawili waking'aa. Akarudi nyumbani akiwa ameridhika kupita kiasi. Jambo ambalo hakuuliza, katika kurasa thelathini na nane za maswali, ni kazi gani ingefanywa siku hiyo. Kwa ajili ya sherehe za Uhuru, mawe yote ya kando ya barabara yalikuwa yapakwe chokaa.

Ilipofika saa nne, Nyamvula, mwuza mihogo wa pale kona, aliingia uani akihema, leso mkononi.

"Mastura! Lori limewapitia! Wote! Nimewaona kwa macho yangu, damu tupu!"

Mastura alikimbia. Yeye ambaye hakuwahi kuonekana akitembea haraka alikimbia barabarani na kiatu kimoja, utepe wa kupimia ukimpepea shingoni, na kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: kwamba amemrudisha baba yake barabarani kwa kizibao, na kizibao hakikutosha.

Kwenye kona magari yalikuwa yamesimama mstari. Mzee Matano aliketi juu ya jiwe, ndoo ya chokaa miguuni, mwekundu tangu shingoni hadi kiunoni kuliko wenzake wote. Mastura alipiga magoti, akamshika kifua kwa mikono miwili.

"Baba! Umeumia wapi?"

"Sijaumia popote, mwanangu. Nimechoka kuulizwa."

Mastura alinusa viganja vyake vyekundu. Vilinuka mchuzi.

Dereva wa lori la mbele, Ishaka, alikuwa bado ameegemea mlango. "Nilianza kupiga breki tangu kule bondeni," alisema. "Nikajiambia, Ishaka, leo umekuta maiti kumi na wawili, na mmoja anapaka mawe rangi!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Bwana Erastus hakucheka.

"Tangu saa mbili hakuna gari lililopita hapa bila kusimama," alisema. "Hilo ni zuri. Lakini nimejibu mara arobaini kwamba hakuna aliyekufa, na mawe yaliyopakwa ni tisa."

Nyumbani, Bibi Mwanatabu alichukua kipande cha marekani ya manjano, akakigusa kwa kidole chenye chokaa. Doa jekundu likachanua.

"Tulikuwa tukicheza hivi utotoni," alisema. "Wala hakikai hivyo. Kikipata ndimu, chajirudia."

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Si uliniomba nisikuchanganyie hesabu?"

Mastura alifungua daftari, akaisoma ile habari ya sabuni, pamoja na mstari wake ulionyoka, akajiona jinsi alivyokuwa ameketi hatua tatu kutoka kwenye kijaluba kwa majuma sita akipima maji ya bahari.

Alasiri alirudi dukani. Jora la bendera lilikuwa pale pale alipoliacha. Alishona usiku na mchana bila kupima chochote, na kabla ya Ijumaa vizibao vikawa tayari. Katika daftari aliandika: "Nyekundu: ndiyo." Palikuwa na nafasi ya kuandika sababu. Alifikiri kwa muda, kisha akaandika ile ile: "Inashtua."

Asubuhi alimvisha baba yake, akamfunga vifungo vyote vinne, akamsindikiza mpaka kona. Lori lililotoka upande wa Malindi lilianza kupunguza mwendo likiwa mbali, mbali kuliko hatua zake mia mbili. Mzee Matano aliinamia mtaro wake, kisha akainua kichwa.

"Hiki," alisema, "usikitie kitu."