Chui wa Jiwe la Mtama

Mama alipokuja kukaa nasi Shauri Moyo, Nairobi, alikuja na begi moja, kuku wawili waliofungwa miguu, na sharti langu. Chui aliyeonekana kule kwake Ukambani akiwa ni mpita njia tu, tutangoja apite, mama arudi nyumbani. Akiwa ni jike na amezaa, mama harudi. Chui mwenye watoto hahami leo wala kesho, nilimwambia, na mimi siwezi kukaa mjini nikijua uko peke yako na mnyama kama huyo.

"Ni paka," mama akasema. "Nyinyi mnapenda kukuza mambo."

Paka! Paka gani wa kumbeba mbuzi mzima mchana kweupe na kumpandisha juu ya mti? Aliyenipigia simu kunieleza habari hiyo ni jirani yake, mama mmoja anayekaa ng'ambo ya korongo. Nilikuwa kazini Industrial Area, napokea mzigo kwenye ghala. Kesho yake nilikwenda kumchukua mama. Hakulia wala hakubishana. Alimwachia jirani mbuzi waliobaki pamoja na ufunguo wa nyumba, akafunga kuku wake, tukaja.

Nyumba yetu ni zile za zamani za kaunti, chumba na pazia katikati. Tulimpa mama upande wenye dirisha. Mke wangu anampenda, na watoto ndio usiseme. Wakitoka shule walimsalimia, "Niaje, susu!" maana susu ndiyo nyanya kwetu, naye akajibu "Poa" kama mtu aliyezaliwa hapa hapa. Nikadhani sasa atatulia.

Wapi! Mama hakutulia hata kidogo. Aliketi, akasimama. Alifagia baraza ambayo mke wangu alikuwa ametoka kuifagia. Alikwenda soko la Gikomba kwa miguu kutafuta nyanya za mboga, akarudi mikono mitupu, akasema watu ni wengi mno. Kuku mmoja tulimla siku aliyofika, na yule aliyebaki akawa anafungwa mguu wa meza, anafunguliwa, anafungwa tena, kutegemea mama ameamka vipi.

Kilichomsumbua zaidi ni nyundo. Tunaishi karibu na mafundi wa jua kali, wale wa masanduku na majiko, nao hugonga mabati tangu asubuhi hadi jua linapozama. Sisi hatuwasikii tena. Mama kila waliposhika nyundo upya aliinuka, akaenda mlangoni, akatazama uchochoro huku na huku. Jioni ndiyo ilikuwa balaa. Aliwakamata wajukuu mikono na kuwaingiza ndani wenzao wakiwa bado wanacheza mpira, nao wakapiga mayowe kama wanaochinjwa.

"Mama, ni kelele tu. Utazoea."

"Nyamaza nisikie," akanijibu.

Asikie nini? Sanduku? Nilikasirika, nikatoka nje kuvuta hewa, nayo hewa ya pale unaijua.

Mimi mwenyewe sikuwa na raha. Kila siku nilimpigia jirani simu. Leo umeona nini? Nyayo ni kubwa tu, au kuna ndogo kando yake? Zinaelekea wapi? Nikawa fundi wa nyayo ambazo sijawahi kuziona. Wale wa wanyamapori walileta mtego, kizimba cha chuma chenye mbuzi ndani, na kikanasa mbwa wa mtu. Mbwa huyo alitoka ana hasira kuliko chui mwenyewe, mtego ukarudishwa ulikotoka, na mimi nikabaki na simu yangu.

Na zile habari zilinitia kichaa. Leo jirani ananiambia chui yuko peke yake, namwona mama ameanza kukunja nguo zake. Kesho ananiambia ana watoto, wawili, nyayo ndogo ndogo kila mahali. Keshokutwa yuko peke yake tena. Jamani, chui gani huyu anayezaa leo na kesho hana mtoto? Ilinichukua muda kugundua kwamba nikipiga nikiwa kazini, chui alikuwa na watoto. Nikipiga jioni kutoka nyumbani, mama akiwa kando yangu, watoto walikuwa wametoweka. Nikasema ni uzee. Macho ya yule mama yamechoka.

Jumamosi moja mama alikuwa bafuni anaoga, simu yake ikalia juu ya meza. Nikaipokea. Jirani hakungoja hata nimwamkie.

"Akipiga leo jioni, bado niseme ni mmoja? Mchana, kabla hujanikumbusha, mimi hujisahau."

Nikaibana simu sikioni.

"Maana leo nimewaona kwa macho yangu," akaendelea. "Wawili, wanaangushana juu ya lile jiwe lako la kuanikia mtama. Mama yao amelala kando. Wamenenepa hao!"

Nikakata simu. Mama aliingia na beseni lake, leso kifuani, akaona nimeshika simu, akaelewa. Wala hakushtuka. Aliweka beseni chini polepole.

"Umeniongopea," nikasema. "Unamfundisha mtu wa watu kuniongopea! Chui ana watoto, mama. Wako kwenye jiwe lako, hatua chache tu kutoka mlangoni kwako!"

"Kwani ni lini hakuwa na watoto?" akaniuliza.

Sikumwelewa.

"Hapo ndipo wanapozalia. Huyu, na mama yake, na mama ya huyo. Nilipoolewa niliwakuta. Nilipokuzaa wewe, jike alikuwa na wake pale pale."

"Wacha, mama. Tungejua. Tulikuwa tukicheza hapo hapo uani."

"Mlikuwa mkicheza, ndiyo. Mlicheza nini?"

Nje mafundi waligonga. Nilifungua mdomo nimjibu kwamba tulicheza ngoma, na hapo nikakumbuka. Kila jioni ya utoto wangu, baba akiwa huku mjini kwenye udereva wake, mama alitoka uani na debe tupu na mwiko, akaketi mgongo kwa nyumba na uso kwa korongo, akapiga. Alipiga mpaka giza. Sisi tulimzunguka tukicheza, mabega juu, vumbi mpaka puani, na ndugu yangu mdogo akilia debe likinyamaza. Nilikua nikijua kwamba mama yangu anapenda ngoma.

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngelala?"

Niliketi kitandani kwake. Aliketi pia, akanyoosha mkono kuelekea dirishani, kule nyundo zilikokuwa.

"Sasa huku kwenu wanagonga mchana kutwa kama wanaomfukuza chui," akasema, "na hakuna anayeniambia yuko upande gani. Nitachoka mwanangu. Kule namjua. Najua anapopita, najua saa yake. Nirudishe."

Nilimrudisha wiki hiyo hiyo, yeye na kuku wake mmoja. Nilimwachia tochi kubwa na maneno mengi ambayo hakuyasikiliza. Kusema kweli niliogopa, na bado naogopa. Tangu siku hiyo siwezi kusikia fundi akigonga bati bila kuinua kichwa.

Jioni ya kwanza baada ya kurudi Nairobi nilimpigia. Alipokea, akasema tu, "Ngoja," akaiweka simu chini, na mara nikalisikia. Debe lile lile, mwendo ule ule. Watoto wakaja mbio. "Baba, ni susu? Anapiga nini? Weka sauti!" Niliweka sauti, nikaiweka simu mezani.

Hawakuhitaji kufundishwa. Yule mdogo alianza na mabega, dada yake akamfuata, wakasukuma viti, mke wangu akiwapigia makofi huku akicheka. Mimi nilisimama mlangoni, mkono kwenye komeo. Debe likaenda, likaenda, kisha likanyamaza, na yule mdogo akaanza kulia.

Nikaichukua simu haraka. "Mama?"

"Niko," akasema, akihema. "Amepita. Watoto wamelala?"

"Bado. Walikuwa wakicheza."

"Usiwaambie," akasema mama, nami nikamsikia akilinyanyua debe tena.