Firigisi ya Mwenyekiti

Nilisomea hesabu. Jikoni nilijua kuchemsha chai na kukaanga yai, basi. Lakini shule iliyonichukua, upande wa Kamukuywa, ilikuwa na walimu wa hesabu tele na mmoja tu wa Sayansi Kimu, mama aliyekaribia kustaafu. Wakanifanya msaidizi wake. Naibu wa mkuu wa shule hakunificha: siku ya ziara ya bodi ya shule darasa letu lingewapikia wageni kuku, na kitu kikiharibika, nirudi kwetu Kitale.

"Madam hajui kupika, atafundisha nini?" walimu wenzangu walinicheka. Niliwaacha wacheke. Mimi sikuzaliwa na mwiko mkononi, na wao hawakuzaliwa na chaki.

Nikajifunza pamoja na wanafunzi. Yule mama alinionyesha kunyonyoa, kubabua, kumkata kuku kwenye viungo. Niliunguza, nikarudia. Siku ya bodi ilipofika, jogoo aliiva vizuri na ugali ukasimama imara. Mama aliitwa kuwapokea wageni, akaniachia kupakua.

Nikapakua kama mtu wa hesabu. Kwetu Kitale, nyuma ya msikiti, firigisi humwangukia yeyote aliyewahi. Hii ilikuwa moja na sahani zilikuwa nyingi, kwa hiyo niliikatakata nikaigawa kwa wote: wageni, walimu, na wasichana waliopika.

Mwenyekiti wa bodi akageuza nyama kwa kidole. Akageuza tena.

"Firigisi yangu iko wapi?"

"Iko kwa sahani yako, mzee," nikamjibu. "Na kwa ya kila mtu."

"Ati kila mtu? Hata hawa wasichana? Tangu lini mwanamke akala firigisi ya mzee?"

"Si ndio wamepika?"

Naibu akanivuta kando. "Madam, omba mzee msamaha yaishe, bana. Ama ufunge virago."

Kazi ile niliihitaji, tena sana. Lakini niliwatazama wale wasichana. Walikuwa wameacha kutafuna, mikono wameificha chini ya meza, kana kwamba wamefumaniwa wakiiba. Hasira ikanipanda.

"Kuku ameiva?" niliuliza mbele ya wote. "Chumvi imetosha? Basi kazi yetu tumefanya. Kwa kugawa sawa siombi msamaha." Nikawageukia wasichana. "Kuleni."

Wakala. Mwenyekiti naye alikula, akamaliza, akaondoka bila kuaga.

Tulikuwa tunaosha vyombo naibu alipoingia kudai aproni yangu. Mama hakuinua hata macho kwenye karai.

"Huyu akienda," alisema, "nami naenda. Bodi ikirudi mtawapikia nyinyi wenyewe."

Naibu akatoka. Aproni ikabaki kiunoni mwangu.

Mama aliendelea kusugua sufuria. Wasichana wa Kamukuywa yote walikuwa wamepita mikononi mwake wakijifunza kupika kuku. Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini:

"Miaka yote hii nawafundisha kuipika firigisi. Leo ndio nimeionja."