Wao Walionja, Mimi Nilimaliza Sahani

Shangazi Yustina alipiga simu nyumbani kwetu Iwawa, wilaya ya Makete, akitaka kuniona. Yeye ni dada wa baba, na ana mgahawa jirani na stendi ya Makambako, pale ambapo mabasi ya kila upande husimama abiria wapate kula. Binti aliyekuwa akimsaidia kupokea wateja alikuwa ameolewa. Mama aliweka simu kwenye sauti kubwa kwa sababu ya kelele za upepo, kwa hiyo nilisikia yote.

"Nasikia kijana wako ni mpole," alisema shangazi. "Mpole kiasi gani, wifi?"

"Mpole wa kawaida," mama alijibu.

"Anaongea?"

Mama alinitazama. "Akiulizwa anaongea."

"Hapa stendi hakuna wa kumuuliza. Hapa ukinyamaza, wateja wanahamia mlango wa pili. Aje Jumamosi nimwone. Asipofaa namchukua kijana wa jirani yangu, na usije ukaninunia."

Niliitaka kazi ile sana. Tangu nimalize darasa la saba nimekuwa nikilima viazi na kaka, na kaka sasa ana mke, ana mtoto, na ana namna ya kutoa amri akiwa ameketi. Nyumba imejaa. Lakini kuzungumza na watu nisiowajua kwangu ni kugumu kuliko kulima. Hata dukani huwa nasubiri mwenye duka aniulize ninachotaka, na asiponiuliza narudi nyumbani bila chumvi.

Habari zikamfikia Festo. Festo ni jirani yetu, tumesoma darasa moja, na siku hizi ana simu yenye kamera nzuri na amejitangaza kuwa mwonja vyakula. Anajirekodi akionja, kisha anaweka video mtandaoni. Wanaomfuatilia ni watu wa ukoo wake na mtu mmoja wa Morogoro ambaye hatumjui.

"Hatuwezi kukuacha uende peke yako," aliniambia. "Tunakusindikiza. Njiani tunaonja vyakula vya mjini, Njombe mpaka Makambako. Lwitiko atashika simu."

Lwitiko ni rafiki yetu wa tatu. Hakuulizwa, lakini alikubali.

Jumamosi alfajiri, Iwawa. Baridi ilikuwa ile ya kwetu, ya kuweka mikono kwapani. Mama alinipa maagizo mawili: nimsalimie shangazi kwa kupiga goti, na nile kila atakachonipa. Kwetu mtu haachi chakula kwa ndugu. Ukiacha, mpishi atawaza kwamba umeona kasoro, au kwamba unamwogopa, na ukiondoka ataanza kukumbuka ugomvi wa bibi zenu. Sahani inarudi jikoni ikiwa tupu. Nilitikisa kichwa kukubali. Mama akasema, "Ndiyo hiyo ya kutikisa kichwa shangazi yako hataitaka."

Asubuhi, Ikonda. Gari lilisimama karibu na hospitali kushusha wagonjwa na watu waliokuja kuwaona. Mama mmoja alitupitishia dirishani beseni la viazi vya kuchemsha, bado vinatoa moshi, na chumvi pembeni kwenye karatasi. Nilikuwa na njaa. Festo akasukuma beseni kwa kidole.

"Hicho ni chakula cha nyumbani," alisema. "Tusijaze nafasi."

Kabla ya saa sita, Njombe mjini. Tuliingia mgahawa wa karibu na soko, na Festo akaagiza chipsi. Zilipofika alinyoosha kola, akamwambia Lwitiko aanze kurekodi, na sauti yake ikabadilika ikawa ya mtu aliyezaliwa Dar es Salaam na hajawahi kuona ukungu.

"Ndugu zangu watazamaji, leo niko Njombe, nawaletea ladha ya mjini." Akala kipande kimoja. Akafumba macho. Akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayepewa habari ya msiba. "Hii ni levo nyingine."

"Viazi vya Makete hivyo, kaka," alisema dada aliyetuhudumia. "Vya kwetu havikai vizuri kwenye mafuta."

"Hiyo utaikata," Festo alimwambia Lwitiko.

Kisha akasogeza sahani. Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya uonjaji. Mwonjaji hali chakula. Anakula kipande kimoja, anafumba macho, na anahama, kwa sababu, kama Festo alivyotueleza, akishiba ulimi unalala. Lwitiko naye hakula, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na simu na chaji ya akiba. Dada yule alisimama akiangalia sahani iliyojaa, akaniangalia mimi. Nilitaka kumwambia kwamba si mimi niliyeagiza. Sikuweza. Nikavuta sahani nikala zote.

Hapo hapo Festo akaagiza supu ya utumbo. Kijiko kimoja, macho, levo nyingine. Nikanywa bakuli lote. Akaagiza maandazi. Tulipotoka nilikuwa natembea wima kama niliyebeba ndoo kichwani.

Mchana, mtaa wa Ramadhani, hapo hapo Njombe. Dada yake Lwitiko, anayeitwa Neema, ameolewa mtaa huo, na alikuwa ameambiwa tunakuja. Alitupokea kwa heshima zote.

"Kamwene," alitusalimia kwa kilugha mlangoni.

"Kamwene," tulijibu.

Alikuwa amepika wali, kuku wa kienyeji, na soda zilikuwa mezani tayari, kila moja na bilauri yake imefunikwa kwa kitambaa. Chakula kama hicho kwetu ni cha Krismasi. Festo alikiangalia akahuzunika.

"Dada, hakuna kitu cha asili?"

"Asili gani?"

"Ugali wa ulezi. Majani ya maboga. Vile vitu vya wazee."

Neema alibaki na kijiko cha wali mkononi. "Nimpe mgeni majani? Watu wakisikia watasema nini? Hayo majani tumekula jana, sisi wenyewe, mlango umefungwa."

"Watazamaji wanataka asili, dada."

Neema ni mtu mwema. Alikwenda jikoni kutafuta kilichobaki, na Festo akamfuata na Lwitiko nyuma yake akirekodi. Huko jikoni kuna simbilisi, wale wanyama wadogo wa kufuga kama panya wasio na mkia, wanaokimbia chini ya meza wakilia. Hakuna jiko la kwetu wasikopita. Festo aliwaona, akainama, akanong'ona kwenye simu.

"Ndugu zangu, leo nimekutana na mnyama wa ajabu sana. Inasemekana wenyeji wa hapa humla."

"Wewe Festo," alisema Neema, "si hao mama yako anawafuga uvunguni mwa kitanda chako?"

"Hiyo pia utaikata," Festo alimwambia Lwitiko.

Ikawa sasa kuna wali, kuku, ugali wa ulezi wa jana uliopashwa moto, majani ya maboga, na simbilisi mmoja wa kuchoma aliyekuwa amewekewa mume wa Neema. Festo alionja kila kimoja. Ulimi wake haukulala. Neema alikaa kwenye kigoda, mikono magotini, akasubiri tule.

"Mbona hamli? Au nimezidisha chumvi?"

Lwitiko alijitahidi kidogo, maana ni dada yake, lakini Festo alimwita nje kwenda kurekodi nyumba kwa mbele. Nikabaki na Neema na mabakuli. Alinitazama kwa upole ule ambao hauna njia ya kutokea. Nikala wali. Nikala kuku. Nikala majani ya jana. Nilipomfikia simbilisi nilikuwa napumua kwa mdomo. Neema alifurahi sana akasema, "Huyu ndiye mgeni," akaniongeza mchuzi.

Jioni kabla jua halijashuka, Makambako. Njiani sikuona miti wala mashamba. Niliketi nimefungua mkanda wa suruali, na kila gari liliporuka nilihesabu kuwa ni Mungu anayenijaribu. Ndipo nilipokumbuka agizo la mama, kwamba nile kila atakachonipa shangazi. Ndani yangu hapakuwa na nafasi hata ya maji.

Upepo wa Makambako hauna adabu, ulitusukuma kutoka stendi mpaka mlangoni kwa shangazi. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Nilipiga goti, na kuinuka ikawa shida.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hawa ni wenzio? Kaeni."

Hakuniuliza swali hata moja. Baadaye nilikuja kujua kwamba ndivyo anavyofanya kwa kila anayetaka kazi: anampa chakula, kisha anamtazama. Zililetwa sahani tatu. Ugali wa moto, nyama ya nguruwe ya kukaanga, maharage na mboga. Mgahawa ulikuwa na watu, madereva wa malori na abiria wachache. Shangazi alisimama pembeni yetu na mwiko mkononi.

Festo alionja. Akafumba macho. Akasema maneno yake. Akasogeza sahani upande wangu. Lwitiko, kwa mazoea tu, naye akasogeza yake. Nikawa na sahani tatu mbele yangu, zote zinatoa moshi, na shangazi ananiangalia.

Nilijua kinachotakiwa. Nikila, nimefuata mila na labda nimepata kazi. Nilishika tonge. Tumbo likakataa. Nikalirudisha tonge kwenye sahani, jambo ambalo kwetu ni aibu hata kwa mtoto.

"Festo," nilisema, "maliza chakula chako. Na wewe Lwitiko. Mimi nimeshiba."

Mtu aliyezoea kunyamaza hajui kupima sauti. Mgahawa wote ulisikia. Dereva mmoja aligeuka na kiti chake.

"Umeshiba nini?" shangazi aliuliza.

"Chipsi, shangazi. Na supu. Na kwa dada yake Lwitiko, Ramadhani, kila kitu."

"Unakuja kwangu umekula njiani."

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa dada wa baba yako."

"Ndiyo, shangazi."

"Mama, huyo kijana katumwa na mgahawa wa pili kukupeleleza," dereva alisema, na wenzake wakacheka. Shangazi hakucheka. Alimgeukia Festo.

"Na wewe wa simu. Chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, mama. Mimi naonja tu."

"Anayeonja hapa ni mimi, jikoni, kabla hujaletewa. Ukishaletewa unakula."

Akamrudishia sahani, akamrudishia na Lwitiko yake, akasimama pale pale. Festo alikula. Mwanzoni kwa aibu, halafu akainama, halafu akasahau kola yake ikaingia kwenye mchuzi. Alipomaliza aliomba ugali kidogo wa kumalizia maharage. Hakusema levo yoyote. Simu ilikuwa imelala mezani, kioo chini.

Basi likaingia. Watu walimwagika ndani wakiwa na haraka, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimesimama, kukaa kukiniumiza, baba mmoja akanidhania mhudumu.

"Dogo, leta wali nyama, haraka, gari linaondoka."

Siku nyingine ningetafuta mlango. Lakini sauti ilikuwa imeshatoka, na niliona haina haja ya kurudi.

"Wali bado uko motoni," nilimwambia. "Ugali upo tayari. Ukisubiri wali, gari litakuacha."

"Basi ugali."

"Na wewe mama? Ugali pia? Kaa hapa, pana nafasi."

Nilizunguka meza zote hivyo, mkanda umefunguka, mpaka basi likapiga honi. Palipotulia shangazi aliniita jikoni. Alikuwa anafunika masufuria.

"Mama yako alinidanganya," alisema. "Aliniambia ni mpole wa kawaida. Nilipokuona mlangoni nikajua ni mpole wa kufa. Nilikuwa nimeshamwambia jirani yangu amlete mwanawe kesho." Aliweka mfuniko wa mwisho. "Sasa nisikilize. Kama shangazi yako, umeniaibisha mbele ya wateja wangu, na nitampigia mama yako leo leo. Kama mwenye mgahawa, Jumatano uwe hapa."

Jumapili tulirudi Iwawa ili nichukue nguo na blanketi. Festo njiani alitazama video zake. Iliyopata watazamaji ni ile ya Njombe, na wote, hata yule wa Morogoro, walikuwa wanauliza jina la kijana anayekula pale nyuma. Aliizima simu akaiweka mfukoni mpaka Ikonda. Pale alinunua viazi vya kuchemsha akavila vyote, bila kufumba macho.

Mama alinisubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Nimepata kazi," nilisema.

"Hujala kwa shangazi yako."

"Mama, nimepata kazi."

"Nimesikia. Utafanyaje kazi kwa mtu uliyemrudishia tonge? Wamesikia mpaka Ludewa."

Alijaza viazi kwenye gunia, viazi vizuri, vya kuomba msamaha, na Jumatano akanipakia garini bila kunipa hata chai.

Nilichojifunza katika safari hii kinanisumbua kukieleza. Kule stendi kusema nimeshiba kulinipatia kazi, na nyumbani kulinipatia kesi, na wote wawili, mama na shangazi, naona wana haki. Mwonjaji peke yake ndiye sijui nimweke wapi.

Nilipofika Makambako shangazi alipokea gunia bila kulifungua. Alinikalisha, akaleta sahani ya ugali na nyama, akasimama na mwiko wake. Nilikuwa na njaa ya kweli. Nilikula mpaka nikapangusa mchuzi kwa kidole, naye akaichukua sahani, akaigeuza kwenye mwanga, akaridhika.

"Basi limeingia," alisema. "Nenda kawaambie watu chakula kipo."

Nikaenda mlangoni nikawaambia.