Mpiga Pasi wa Hospitali Aliyeumaliza Ufalme Usio na Kivuli

Saa nne asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kinafuka mvuke kama chungu kilichofunuliwa. Mpiga pasi anaingiza shuka kwenye mashine, na upande wa pili mwenzake analipokea likiwa limenyooka, la moto. Leo kazi haiendi. Macho ya wote yako mlangoni.

Maboksi matatu yanaingia juu ya kitoroli cha nguo chafu.

"Yafungue wewe," mpiga pasi anamwambia mwenzake. "Nikiyafungua mimi nitalia, na mashuka yataungua."

Ndani yake kuna *Kivuli Kinarudi*, kitabu cha tano na cha mwisho cha *Ufalme Usio na Kivuli*, masimulizi ya binti wa mfua kengele anayeizunguka dunia kudai vivuli vya watu wake vilivyoibwa na mfalme. Kurasa 612. Mwandishi ni huyo huyo mpiga pasi, mwenye aproni iliyolowa.

Ana miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia hapa. Hadithi ilianza kwa mdomo. Shuka hukunjwa na watu wawili, wakikutana na kuachana, na kila walipokutana alimmegea mwenzake kipande.

"Tulikuwa tunakunjua yaliyokwisha kukunjwa, ili tu aendelee," anasema mpima uzito wa nguo chafu, mzee mcheshi ambaye wote humwita Baba Mizani.

Mzee huyo ndiye aliyemnunulia daftari la kwanza. Vitabu vinne vilitoka ndani ya miaka tisa, na wagonjwa wakawa wanauliza wodini cha tano kiko wapi.

Halafu mashine ikamvuta mkono wa kulia. Vidole viwili havikunjiki tena. Kwa miezi kumi na moja hakuandika hata neno, na mchapishaji akapendekeza mtu mwingine amalizie.

"Nilimwambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi," anasema. "Akanijibu wasomaji hawana subira ya milele. Nilitoka pale nimenywea."

Kesho yake, wakati wa mapumziko ya mchana, Baba Mizani alikuja na kalamu mbili, akaketi juu ya rundo la mablanketi.

"Haya mwanangu, sema. Mkono ninao mimi."

Walikwenda hivyo miaka miwili na nusu, saa moja kwa siku, yeye akitamka, mzee akiandika na kubisha. Walipofika pa kumuua mbeba maji, rafiki wa pekee wa yule binti, mzee aliweka kalamu chini.

"Huyu simuui."

"Mzee wangu, asipokufa lango la mfalme halifunguki."

"Basi muue mwenyewe."

Akamuua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Ukurasa mmoja ulimchukua siku nne, herufi zikilala kama nyasi zilizopigwa na upepo. "Nilipoweka nukta ya mwisho nikajua kitabu bado ni changu," anasema. Baba Mizani aliusoma, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Kisha akauliza sura inayofuata inaanzaje.

Sasa foleni imefika hadi uani: wauguzi, wafagizi, mgonjwa mmoja na stendi yake ya dripu. Nakala sitini zinakwisha kabla ya adhuhuri. Mchapishaji anapiga simu kusema toleo zima limeshaagizwa, na sauti yake leo ni ya upole. Muuguzi mmoja anafunua ukurasa wa mwisho, mpiga pasi anaufunika kwa kiganja.

"Dada, mwisho haukimbii. Anza mwanzo."

Kuanzia mwezi ujao atakuwa akisoma kwa sauti katika wodi ya watoto kila Jumamosi, sura moja moja, tangu kitabu cha kwanza. Amepiga hesabu: itachukua zaidi ya miaka minne.

"Wengi watapona kabla sijafika mwisho," anasema, akirudi kwenye mashine yake. "Hao ndio ninaowaombea. Mwisho watakuja kuusikia kwa miguu yao wenyewe."