Inchi Mbili Zilizoungua

Mtu akihesabu haraka mbele yangu, nashika mfuko. Nimekuwa hivyo tangu utoto na sioni haya kusema, maana haya yenyewe inakuja mbele. Sokoni Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, muuzaji wa nyanya akitaja jumla bila kalamu, huku anapiga stori na mwenzake, mi nilimkazia macho kama askari. Nani alimfundisha kuhesabu mbio hivyo kama haibi? Nilimpa noti, nikapokea kilichorudi, nikakitazama kwa muda mrefu, kisha nikaondoka nimenuna. Sikuwa nimehakiki chochote. Nilinuna tu ili aniogope.

Hesabu sikujua. Namba nilizisoma, hiyo sidanganyi. Ukiandika 38 niliitambua sura yake, kama unavyomtambua jirani ambaye hamsalimiani. Lakini ukiniambia niongeze, nitoe, nigawe, basi, kichwa kilijaa moshi. Tulitoka Fizi, kule Kongo, nikiwa nimesoma miaka mitatu tu, tena ya kukatika-katika. Shule ya kambini ilikuwa ya Kiingereza na Chichewa, darasa limejaa mpaka dirishani, na mi nilijifunza mapema kukaa nyuma ya msichana mnene. Nyumbani tulihesabu kwa Kiswahili mpaka kumi, kupita hapo wakubwa waliingia kwenye Kifaransa, na shuleni namba zilezile zilikuwa na majina mengine kabisa. Niliona kama watu wamekula njama. Kitu kimoja majina matatu, ya nini, kama hakuna kinachofichwa?

Mama njo aliniokoa, yeye ndiye. Alikuwa fundi wa kushona, mashini yake ilikaa mlangoni pa nyumba yetu ya udongo, na alijua shida yangu bila kuambiwa. Alinifundisha kupima bila namba. Unazungusha metre, ule utepe wa kupimia, kwenye kifua cha mteja. Pale inapokutana unashika kwa ukucha, hausomi kitu. Ukitaka robo ya kifua ili ukate upande wa mbele, unaukunja utepe mara mbili, unapata vipande vinne sawasawa, unaulaza juu ya kitambaa, unapiga chaki. Kwisha. Kwa miaka sita nilishona hivyo, na nguo zangu ziliwakaa watu vizuri kabisa. Mama alinionya jambo moja tu.

“Usiambie mutu,” alisema. “Bantu bakijua haujui hesabu, batakukula mpaka mifupa.”

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nilishawaogopa watu wote.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, mama mmoja wa Bukavu alikuja kusali kanisani kwetu Dzaleka. Aliona mshono wa sare za kwaya, akauliza ni mkono wa nani. Yeye alikuwa na duka la kushona Lilongwe, kule Nsungwi, na aliniomba kwa mama. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mama alilia kwa furaha, maana yeye alikuwa shemasi wa kanisa na kwa muda mrefu alikuwa anaombea kazi yangu mbele ya watu wote. Nikaenda. Nililala chumba cha nyuma ya duka, Jumamosi jioni nilirudi kambini.

Dukani tulikuwa watatu. Patronne, yaani bosi, njo tulivyomwita yule mama. Mimi. Na msichana mwingine wa Bukavu, amenizidi miaka kama miwili, aliyemaliza sekondari kwao. Alikuwa na kalamu nyuma ya sikio, na alipokata nguo midomo yake ilicheza kwa namba za Kifaransa: trente-six, trente-sept. Siku ya kwanza tu nilimchukia.

Patronne aliwapima wateja mwenyewe, kwa metre nyeupe aliyoivaa shingoni na ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Aliandika namba kwenye kaye, lile daftari lake, sisi tukakata. Kwenye meza ya kukatia kulikuwa na metre nyingine, ya njano, ambayo pasi ya makaa iliunguza mwanzo wake. Ilianzia kwenye mbili, inchi za mwanzo zimekwenda na moto.

“Hii metre iliungua,” patronne aliniambia. “Ukipima nayo, toa mbili. Ukikata nayo, ongeza mbili. Umesikia?”

“Ndiyo, patronne.”

Ndiyo gani! Nilisikia maneno, lakini hayakuingia. Metre ni moja, sasa mara utoe, mara uongeze? Moja kati ya hayo mawili lazima lilikuwa mtego. Nikamtazama yule mwenzangu, naye alikuwa ananitazama mikono. Nikajua, hapa wananipima mi mwenyewe. Basi nikaamua kuwapita kwa akili. Sitatoa, sitaongeza. Kwenye kaye imeandikwa 38, nitaitafuta 38 kwenye utepe, nitakunja mara mbili kama mama alivyonifundisha, nitapiga chaki.

Magauni yakaanza kubana. Mwalimu mmoja wa pale Nsungwi alijaribu lake nyuma ya pazia, tukamsikia anahema, anavuta zipu, anahema tena. Alitoka amelishika mkononi. “Zikomo,” alisema, akishukuru kwa adabu ya Wamalawi, lakini uso wake ulisema mengine. Mwingine gauni lilimwishia juu ya goti, naye ni mke wa mchungaji. Patronne aliomba msamaha, akafumua, akaongeza vipande, akanitazama.

Mi nilishajua ni nani. Kwani nani alikuwa anakodolea mikono yangu kila nikishika makasi? Nikiinua kichwa, yeye anainamisha chake. Nikiinama, nahisi macho yake kwenye vidole vyangu. Huyu anapunguza vitambaa vyangu nikitoka, nilisema moyoni, ili nifukuzwe, alete ndugu yake. Nikaanza kubeba vipande vyangu mpaka chooni. Siku moja niliweka uzi mwekundu juu ya kitambaa nilichokata, nikauvuta kidogo upande wa kushoto, nikatoka makusudi. Niliporudi uzi ulikuwa palepale. Mtu mwingine angesema, basi, hana kosa. Mi nilisema, kumbe ni mjanja hivi, ameurudisha!

Mabaki ya vitambaa yalikuwa ruhusa yetu wafanyakazi. Mimi mabaki yangu yalikuwa mazuri, mapana, kuliko ya mwenzangu, na sikujiuliza kwa nini. Nilidhani ni mkono wangu usiopoteza kitambaa. Kwa yale ya kitenge cha bluu chenye ndege wa njano nilimshonea mdogo wangu wa mwisho kigauni cha kanisani. Jumapili moja patronne alikuja Dzaleka kwenye harusi. Mdogo wangu alipita mbele yake anaruka-ruka, ndege wote kifuani.

Jumatatu asubuhi patronne alifunga mlango wa duka na wateja wakiwa nje.

“Kile kitenge ni cha nani?”

“Ni mabaki, patronne.”

“Mabaki ya kutosha robe, gauni nzima ya mutoto? Kila robe yako inatoka mufupi, inabana, na mabaki njo inanenepa? Weye unaniona mi mutoto? Unaiba bitambaa ya bantu!”

“Sikuiba! Haki ya Mungu sikuiba!”

“Basi ni nani?”

Nikanyoosha kidole. Mpaka leo nakiona kile kidole changu. “Ni huyu! Anakata vitambaa vyangu nikitoka! Kila siku ananiangalia mikono, muulize kama si kweli! Ananipeleleza!”

Mwenzangu alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaiweka mezani polepole. Kunyamaza kwake nikakuona ni ushahidi.

Patronne alitutazama mmoja mmoja. Kisha akachukua kitenge kipya, akakitupa mezani. “Utakata hapa, mbele yangu. Ikitoka muzuri, mwizi ni huyu. Ikitoka mufupi, mwizi ni weye, na Jumapili nitasimama kanisani kwenu nitasema mbele ya mama yako.”

Mbele ya mama. Mama ambaye kila ibada ya shukrani alisimama kusema binti yangu yuko Lilongwe, anashona. Niliomba kimoyomoyo, nikafungua kaye. Kifua 38. Urefu 42. Nikavuta utepe wa njano mpaka 38, nikashika kwa ukucha, nikakunja, nikakunja tena, nikapiga chaki. Nikakata bila kusita, maana mikono yangu ilijua kazi. Nilipomaliza nilikuwa karibu kutabasamu. Sasa tutaona mwizi ni nani.

Patronne alivua metre yake nyeupe shingoni, akailaza juu ya urefu.

“Quarante,” alisema, yaani arobaini. Akapima tena. “Quarante. Nilikuandikia quarante-deux. Na hakuna mutu amegusa.”

Nilitazama kile kitambaa. Kilikuwa mbele yangu muda wote. Mwenzangu alikuwa amekaa mbali, mikono mapajani. Ikanishuka pale, baridi, kutoka shingoni mpaka miguuni, kwamba hapakuwa na mwizi. Alikuwa ni mimi na ile mbili.

Nikaona njia mbili tu. Ninyamaze, niwe mwizi. Au niseme, niwe mjinga. Na nitasema kweli, maana nilishasema sioni haya: kwa kitambo nilitaka kuwa mwizi. Mwizi watu wanamwogopa kidogo. Mjinga wanamcheka kila siku. Nilikuwa nafikiria ni nani angeumia zaidi, mama wa mwizi au mama wa mjinga, na huku patronne anashika mkoba wangu kuniwekea nje.

“Ni ile mbili,” nikasema. “Ya metre. Sijui kama naongeza ao natoa.”

“Haujui nini?”

“Hesabu. Sijui hesabu, patronne.”

Alinitazama, kisha akacheka cheko moja kavu. “Unanichezea. Mutu mukubwa, anakata robe, anagawa kifua mara nne, aseme hajui hesabu? Umesikia huyu? Ameona wizi umeshindikana, sasa analeta ujinga!”

Hakuniamini! Nilikuwa nimeficha vizuri mno. Nilitoa siri yangu ya maisha yote, na yeye akaikataa kama noti bandia.

“Trente-huit, ongeza mbili,” alisema, ile 38 ya kaye. “Ni ngapi? Sema.”

Nikanyoosha mkono kwenye utepe. Akauvuta. Nikabaki na vidole vitupu, moshi umejaa kichwani, wateja wanagonga mlango. Nikataja namba ya kwanza iliyonijia mdomoni.

“Quarante-huit.” Arobaini na nane.

“Unaona? Anafanya makusudi!”

Hapo ndipo mwenzangu alisimama. “Patronne,” alisema, “hasemi uongo.”

“We unajua nini?”

“Namuangalia tangu juma ya kwanza. Hahesabu. Anakunja. Anashika na kucha, anakunja mara mbili, anapata robo bila kugawa. Mi nilisoma mpaka sekondari, sijawahi kuona mutu anafanya vile. Kucha yake haikosei hata kidogo. Ni metre njo inakosea. Pima.”

Patronne alipima upande wa mbele. Akapima wa nyuma. Vilikuwa sawasawa, chaki juu ya chaki, vyote vimepungua kwa kiasi kilekile. Alikaa juu ya stuli.

“Na kwa nini haukusema?” alimuuliza mwenzangu.

“Ningemwambia nini? Nikimuangalia tu, ananikatia jicho. Anabeba vitambaa mpaka chooni.” Akanigeukia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. “Na ule uzi mwekundu niliuona. Nilijua ni mtego, nikaupita bila kuugusa.”

Nilitamani sakafu inimeze. Patronne alinyanyuka, akarudisha mkoba wangu ndani, akafungua mlango, akaanza kuwaambia wateja karibuni, karibuni, kana kwamba tulikuwa tunafagia.

Mwenzangu aliuchukua utepe wa njano. Akatafuta kwenye mabaki yake madogo kipande cha bitambi ngumu, kile kitambaa kigumu cha kuweka ndani ya kola, akapima inchi mbili, akakata, akakishona kwenye mwanzo ulioungua, mara mbili kwenda, mara mbili kurudi. Ilimchukua muda mfupi kuliko kutia uzi kwenye sindano. Utepe ukawa mzima. Hakuna tena kutoa, hakuna kuongeza. Miaka yote ile dukani hakuna aliyewaza kufanya hivyo, maana wote walijua hesabu.

Akanipa. “Shika. Sasa kunja tu.”

Nami nikaupokea kwa mikono miwili. Kisha nikanyoosha mkono, nikachukua metre nyeupe ya patronne pale mezani, nikailaza kando ya kile kipande alichokishona, nikapima kama kweli ni mbili.

Ilikuwa mbili. Nilipoinua macho, alikuwa ananitazama mikono.